Risasi Kumi na Tatu

Siku tulipomuaga Uncle Siva, mwanamke mmoja aliyeketi karibu nami katika ukumbi wa kuchomea maiti aliniinamia akaniuliza nilimfahamu marehemu kwa njia gani. Nilimwambia kwa njia ya kitambaa. Alitikisa kichwa polepole, kama watu wanavyofanya msibani wakiambiwa jambo wasilolielewa, nami sikumweleza zaidi. Maelezo yangehitaji mwaka mzima, na mwaka wenyewe ulikuwa 2010. Siandiki hapa jinsi nilivyotoka Fizi, mashariki mwa Kongo, wala jinsi nilivyofika Durban. Kila ofisi niliyopita imeshaniuliza hayo, na nimeyajibu mpaka yamechakaa mdomoni. Ninataka kuandika juu ya majira ya baridi ya mwaka ule, nilipokuwa na miaka ishirini na sita, wakati nusu ya watu niliowajua walikuwa wanafunga mizigo, na mimi nikasimama mbele ya shabaha na bunduki ya zamani mikononi, kati ya wanaume ambao muda mfupi kabla walikuwa wamenikabidhi vikombe vya chai.

Tuliishi Glenwood, mtaa wa Durban, mimi na yaya Solange, katika nyumba kubwa ya sakafu ya mbao ambayo mwenye nyumba alikuwa ameikatakata kwa mbao nyembamba ili wapangaji wawe wengi. Chumba chetu kilikuwa nusu ya ukumbi wa kulia chakula. Nusu yetu ilipata ile sehemu ya kuotea moto, iliyozibwa kwa saruji, na nusu nyingine, ya mume na mke kutoka Lubumbashi, ilipata dirisha. Juu yetu walikaa wanafunzi wa chuo, tukawajua kwa miguu yao tu: mmoja mzito, mmoja anayekimbia, mmoja anayevuta kiti kila alfajiri. Yaya Solange hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa amenizidi miaka tisa, alisuka nywele katika saluni mjini, naye ndiye aliyenipokea mwaka uliotangulia nilipofika bila hata blanketi, ndiyo maana nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, naye aliniita Faida, jina langu. Jioni tulipika sombe, majani ya muhogo, na samaki wa kopo, tukasonga bugali ya mahindi kwa sababu unga wa muhogo haukupatikana kila siku, na wakati wa kula tuliwasikia jirani zetu nyuma ya ubao kama vile tulikuwa tumeketi nao mezani.

Tangu mwezi wa tano walikuwa na neno moja tu. Kombe la Dunia lilikuwa linakuja, mji umepakwa rangi, bendera ziko kwenye vioo vya magari, na huku chini watu waliambiana kwamba mpira ukiisha wageni watafukuzwa. Mume alikuwa akisema, "Banasema ikimalizika fainali, kesho yake banaanza." Mke akamwuliza, "Nani amesema?" "Batu." "Batu gani?" "Batu ya mu taxi. Hata ku robot, ku mataa ya barabara, kijana moya alinionyesha vidole, alihesabu siku." Mimi niliendelea kula. Yaya Solange aliacha. Aliweka tonge lake pembeni ya sahani akakaa akisikiliza huku amegeuza uso kwenye ubao, na nikaona kwamba alikuwa hasikii habari mpya, alikuwa anasikia habari anayoijua. Nilikuwa kijana, nikadhani ni woga. Leo najua kwamba mtu aliyewahi kukimbia na kiatu kimoja mguuni ana haki ya kuacha chakula chake.

Mchana nilikuwa sokoni Warwick. Nilikuwa na cherehani ya miguu kando ya njia, kati ya meza ya MaDlamini, aliyeuza mizizi na magome ya dawa, na mwanamume aliyeuza mikanda ya suruali. Nilibadilisha zipu, nilikata pindo, lakini kazi yangu hasa ilikuwa foronya na mifuko ya magodoro, kwa kile kitambaa kigumu cha mistari ya buluu na nyeupe. MaDlamini aliniita *sisi*. Kwa Kizulu ni dada, na kwetu ni watu wengi pamoja, na nilipomweleza hivyo alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akaendelea kuniita hivyo kwa makusudi. Yeye ndiye aliyemwona Uncle Siva kwanza. Mwezi wa sita, asubuhi yenye jua lisilochoma, alitokea mzee mwembamba wa Kihindi, suruali imepigwa pasi, sweta la kufuma lisilo na mikono, akatoa mfukoni chombo kidogo cha chuma, akabana ncha ya kitambaa changu, akasoma kitu kwenye kile chombo, akaachia, akabana kingine. MaDlamini alianza kufunika mizizi yake. "Huyo wa manispaa," alininong'oneza.

"Unapima nini, Uncle?" nilimwuliza kwa Kiingereza changu cha wakati ule.

"Unene," alisema bila kuinua macho.

"Wa kufanyia nini?"

Aliniangalia kama anayepima tena. "Nataka kitambaa cha kuvika risasi. Ya bunduki ya kizamani, ile ya kujazwa kwa mdomoni. Usiogope, ni mchezo wa wazee tu."

"Gobore," nikasema.

"Nini?"

"Kwetu inaitwa gobore. Unamwaga baruti, unashindilia, unaweka fataki, unamwomba Mungu."

Alicheka kwa sauti, mtu wa mikanda akageuka. Akaniuliza nilijuaje, nami nikamjibu kwa kifupi kwamba baba alikuwa nayo moja, kwamba alikosa vitambaa akashindilia nyuzi za gome, na kwamba mimi ndiye niliyemshikia mdeki, ule ufito wa kushindilia, na baadaye nikawapiga kanga wa porini mwenyewe. Hakusema "maskini", wala hakuniuliza habari za vita. Aliniuliza nyuzi za gome la mti gani. Nadhani ni hapo ndipo nilipompenda. Alinunua mita mbili za kitambaa cha mistari, akazikunja kama barua, akaenda.

Alirudi Jumamosi na kopo la tumbaku. Ndani hamkuwa na tumbaku, mlikuwa na vipande vya kitambaa changu, vya mviringo, vyeusi kwa moshi, alivyoviokota kwenye nyasi mbele ya mahali yeye na wenzake wanapopigia shabaha. Kila risasi inatoka imevikwa kipande kimoja kilichopakwa nta na mafuta; kipande kinaanguka hatua chache mbele, na anayejua kusoma anasoma. Uncle Siva alikuwa amefua vyuma miaka thelathini katika kiwanda kimoja cha Mobeni, alijua chuma kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye, lakini kitambaa hakukijua. Nilivipanga vile vipande kwenye ubao wa cherehani. Vingine vilikuwa vimechanika nyuzi moja moja, ovyo. Vingine vilikuwa na mkato safi wa mviringo, kama umechorwa na mkasi. "Hivi vilivyochanika," nikamwambia, "ni kosa la kitambaa. Kina wanga wa kiwandani, kikibanwa kinachanika. Kinatakiwa kifuliwe kwa maji ya moto mpaka kilegee na nyuzi zikazane. Lakini hivi vya mkato si kosa langu. Mdomo wa bunduki yako una makali. Unakikata unapokishindilia." Alikiinua kipande kimoja kwenye mwanga. "Miaka miwili," alisema hatimaye, "nimewalaumu wauza baruti."

Basi nikafua. Nilichemsha maji kwa sufuria ya bugali, nikakifua kile kitambaa mara tatu kwenye beseni uani, nikakianika kwenye kamba yetu kati ya sidiria za wanafunzi na taulo za saluni, nikakipiga pasi kingali na unyevu. Yaya Solange alitoka na mfuko mkubwa wa mistari, ule wa Kichina ambao kila mhamiaji anaujua, akasimama kunitazama. Tayari alikuwa amekunja ndani yake mapazia, seti ya vikombe alivyovifunga kwa fulana, na picha ya mama yake. "Weye hauna akili," alisema bila hasira. "Batu banafunga mizigo, weye uko unafua nguo ya bunduki." Nilimwambia ni ya mashindano. "Mashindano ya nani?" "Ya wazee. Wanapiga karatasi." Alikaa juu ya ule mfuko, akavua kandambili, akaniambia jambo ambalo hajawahi kulirudia. "Weye haukuwa hapa mwaka ile balifukuza bageni. Miye nilikuwa. Nililala ku kanisa wiki tatu na batoto ya batu wengine juu ya miguu yangu. Asubuhi moya nilirudia ku nyumba kutafuta sufuria zangu, nikaona jirani yangu, ule nilikuwa nasuka nywele ya binti yake, iko anapika na sufuria yangu. Alinisalimia." Akazirudisha kandambili miguuni. "Alinisalimia vizuri kabisa."

Nilikuwa na ubishi tu, na ubishi si jibu, lakini ndio niliokuwa nao.

Jumapili mbili nilikwenda kwa Uncle Siva, kwenye karakana aliyoitengeneza katika gereji nyuma ya nyumba yake. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake anaishi mji mwingine, na gereji ilikuwa safi kuliko jiko. Bunduki yake ilikuwa ndefu, kitako cha mbao nyeusi, mtutu mzito wa pembe nane aliouchonga na kuupiga rangi ya kahawia kwa mikono yake. Aliweka karatasi ya msasa juu ya mdomo wa mtutu, akabonyeza kwa kidole gumba, akawa anazungusha, robo ya duara, robo ya duara, huku akiugeuza mtutu. Ndipo nilipoona mkono wake ukitetemeka. Hakuuficha, ila hakuutaja. Baada ya kitambo alinipa msasa, nikaendelea mimi. Mchana tulikula mkate uliotobolewa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage, tunang'oa ukuta wa mkate na kuchovya, na yeye akanisimulia habari za klabu yake ya shabaha. Alipokuwa kijana watu wa rangi yake hawakuruhusiwa kupita lango. Sheria ilipobadilika alikuwa ameshazeeka kidogo, akaenda siku ya kwanza ya kuruhusiwa, akalipa ada, akaketi. "Miaka miwili hakuna aliyeniazima hata kiberiti," alisema. "Waliniita bwana, walinifungulia mlango, na walikula upande mwingine."

"Ulifanya nini?"

"Nilikwenda kila mwezi." Alifuta vidole kwa gazeti. "Watu wanadhani kuna jambo la ziada nililolifanya. Hakuna."

Kisha akaniambia kwamba kila majira ya baridi klabu yao huwa na mashindano ya kirafiki, hayana kombe, mgeni yeyote anaweza kupiga akiwa na mwanachama ubavuni. Mwaka ule yaliangukia Jumapili ya fainali, asubuhi. "Jina langu liko kwenye orodha," alisema. "Mkono huu hauko tena. Nafasi ichukue wewe."

Niliporudi Glenwood yaya Solange alikuwa ameshakata tiketi mbili za basi la kwenda kaskazini, Jumamosi, siku moja kabla. Aliziweka kitandani kwangu, juu ya mto, kama mtu anavyoweka nguo mpya ya mtoto. Nilizitazama muda mrefu. Nilijua kilichomgharimu kuzipata, na nilijua kwamba ya pili haikuwa lazima ainunue. Nikamwambia siendi. Nilitegemea apige kelele. Aliuliza tu, "Juu ya nini?"

"Siku ya Mungu nina mashindano."

"Faida. Juu ya karatasi?"

"Si juu ya karatasi, yaya. Nikienda sasa, nitakuwa nimekwenda kwa sababu kijana mmoja kwenye robot alihesabu vidole. Nilipotoka kwetu walinifukuza na bunduki za kweli. Sitafukuzwa na vidole."

Nikiyaandika maneno haya naona jinsi yalivyo mazuri na jinsi yalivyomuumiza. Yeye alikuwa anakwenda. Nilikuwa nimemwambia, bila kutaka, kwamba yeye anafukuzwa na vidole. Alichukua tiketi yangu akairudisha kwenye pochi. Jumamosi nilimbebea ule mfuko mkubwa mpaka kituoni. Tulisimama kati ya watu waliokuwa wanafunga magodoro juu ya magari, tukaongea habari za chumvi na funguo, na dereva alipopiga honi alinishika mashavu yote mawili na mikono yake yenye harufu ya mafuta ya nywele. "Courage, chérie," alisema kwa Kifaransa, jipe moyo, mpenzi. "Na usikuwe mujinga." Usiku ule nusu ya ukumbi wa kulia chakula ilikuwa kubwa mno.

Uncle Siva alinijia kabla jua halijapanda, na pikapu yake, na viazi vya bizari alivyovikunja ndani ya chapati na karatasi ya foili. Tulipanda milima ya bara, tukaacha joto la mji nyuma, na kwenye nyasi za huko juu nikaona umande ulioganda, mweupe, kitu ambacho Durban haikijui. Mahali penyewe palikuwa bonde refu lenye tuta la udongo mwishoni, paa la mabati, na meza za mbao mstari mmoja. Wanaume kumi walikuwa wanapanga vifaa vyao, na lazima niseme ukweli: vilikuwa vizuri. Masanduku ya mbao yenye droo ndogo ndogo. Pembe za ng'ombe zilizong'arishwa mpaka mwanga ukapita, za kuwekea baruti. Vipimo vya shaba, nyundo ndogo za kusukumia risasi mdomoni, visu vya kukatia kitambaa, vichupa vilivyopangwa safu, kila kimoja na baruti ya mpigo mmoja, maana hairuhusiwi kumimina kutoka kwenye pembe moja kwa moja, cheche iliyobaki ndani ya mtutu inaweza kukurudia. Mmoja alivaa kofia ya manyoya, mwingine koti la ngozi lenye mapindo. Baba alibeba vyake vyote katika kopo la maziwa na kibuyu kimoja. Nilivitazama vile vifaa bila wivu. Nilivijua vyote. Kila kimoja kilikuwa na ndugu yake maskini nyumbani kwetu.

Katibu wa klabu, Bwana Keith, alikuwa mtu mpana mwenye masharubu, si mkali, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimshika Uncle Siva mkono kwa furaha, akanitazama, akasema kwa upole, "Ah, vizuri, umetuletea msaada," na akanikabidhi sinia ya vikombe. "Birika liko ndani, mpenzi." Vikombe vilikuwa kumi na moja. Nakumbuka nilivihesabu. Uncle Siva alifungua mdomo, nikamwangalia, akaufunga. Niliviweka vikombe juu ya meza ya kwanza, kimoja kimoja, ili visivunjike.

"Nimekuja kupiga," nikasema.

Mtu mmoja aliendelea kupuliza mtutu wake. Bwana Keith alicheka kidogo, akasema bila shaka, bila shaka, mgeni anaweza kupiga risasi moja baada ya mashindano, na picha pia watanipiga. Nikamwambia wanaopiga wanapiga kumi na tatu kwa nusu saa, na kumi bora zinahesabiwa; Uncle alikuwa amenieleza. Akauliza kitambulisho. Nikatoa karatasi yangu ya ukimbizi, iliyokunjwa mara nne ndani ya plastiki. Aliisoma yote, pande mbili, na watu wawili walikuja kuisoma begani kwake, kama vile ni tangazo.

"Hii inakwisha muda wiki mbili zijazo," alisema.

"Mashindano ni leo," nikamjibu.

Mzee wa kofia ya manyoya alikohoa, na nafikiri alikuwa anaficha kicheko. Bwana Keith alinirudishia karatasi. Akasema meza ya mwisho, upande wa kushoto, na mwanachama asiondoke ubavuni mwangu.

Nilijaza mwenyewe. Kichupa cha baruti kwenye mtutu. Kipande cha kitambaa changu, kilichofuliwa mara tatu, kilichopakwa nta, juu ya mdomo wenye makali tuliyoyaondoa. Risasi ya mviringo juu yake, nyundo ndogo, kisha mdeki, kwa nguvu moja bila kupiga piga, mpaka alama iliyochorwa kwenye ufito ikalingana na mdomo. Fataki mwisho, bunduki imeelekea kwenye tuta. Risasi ya kwanza ilitoka na ule moshi mweupe wa harufu ya mayai yaliyooza, na kwa sekunde moja nilikuwa na miaka kumi na mbili. Uncle Siva alitazama kwa darubini yake. "Saba," alisema. "Juu kidogo." Ya pili tisa. Ya tatu tisa. Nilifuta mtutu kwa kitambaa chenye maji kila baada ya risasi, sikuharakisha. Kwenye meza ya jirani wawili walikuwa wanapumzika, na mmoja akasema, si kwa kuninong'onea wala kwa kuniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Leo usiku fainali, kesho wote hawa wataelekea makwao hata hivyo." Mwenzake akasema, "Pengine." Nilipiga risasi iliyofuata nikapata nne.

Ya nane haikulia. Nilivuta kifyatulio, nyundo ikaanguka, fataki ikalia kidogo kama kijiti, na kisha hapakuwa na kitu. Hapo ndipo mtu mgeni anapofanya kosa: anashusha bunduki aitazame, na baruti inayowaka polepole ndani inaamka. Nilisikia viti vikisogea. Bwana Keith alipaza sauti nyuma yangu kwamba nisigeuke. Sikuwa nimegeuka. Nilikuwa nimeiacha bunduki begani, mdomo kwenye tuta, nahesabu kwa Kiswahili, moja mpaka sitini, maana baba alihesabu sitini ingawa kwenye ubao wa sheria za klabu uliotundikwa pale waliandika nusu yake. Mkono uliuma. Machozi yalinitoka kwa sababu ya moshi na kwa sababu ya mambo mengine. Hakuna aliyepiga, mstari wote ulikuwa unaningoja. Nilipofika sitini nikabadilisha fataki, nikalenga tena, ikalia. Uncle Siva alitazama kwa darubini mara mbili. "Kumi," akasema.

Zilipojumlishwa nilikuwa na sabini na nane, mtu wa tano kati ya kumi na mmoja. Bwana Keith alikuwa wa tatu. Nasema hivyo kwa sababu katika hadithi za watu mimi ningekuwa wa kwanza, na sikuwa. Wakati wenzake wanakula nyama ya kuchoma, Bwana Keith alikuwa anaandika matokeo kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ubaoni, jina baada ya jina, kwa mwandiko mzuri. Nafasi ya tano aliandika: Mgeni wa Siva. Nilikwenda nikasimama karibu naye. Nikamwambia nina jina. Akasema, kwa upole uleule, kwamba ni desturi, wasio wanachama huandikwa hivyo. Nilimwomba kalamu. Alidhani nataka kuisaini karatasi, akanipa. Nilikata yale maneno matatu kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika juu yake, kwa herufi kubwa, FAIDA MWAMINI, nikamrudishia kalamu yake imefunikwa. Alitazama ubao, akanitazama mimi. Angeweza kubandika karatasi nyingine. Aliandika nafasi ya sita.

Tulikuwa tumeshaziona taa za mji Uncle Siva alipofungua mdomo. "Ile hesabu yako ya sitini," alisema, "ingetosha thelathini." Nikamwambia najua. Akacheka peke yake, muda mrefu.

Fainali sikuitazama. Niliisikia kupitia dari, kwa miguu ya wanafunzi. Na sitadanganya kwamba baada yake hapakuwa na kitu. Wiki ile fundi simu mmoja wa kwetu alipigwa mpaka akapoteza jicho, meza mbili zilipinduliwa barabara ya chini, na jirani zetu wa Lubumbashi walihama wakaacha pazia. Waliokwenda hawakuwa wajinga. Yaya Solange yuko Lusaka mpaka leo, ana saluni yake, na tukizungumza kwa simu hatujawahi kuamua ni nani kati yetu alikuwa sahihi.

Lakini Jumatatu nilitoa cherehani. Njia ilikuwa na mapengo mengi kama kinywa cha mzee. Mtu wa mikanda hakuwepo. MaDlamini alikuwa amefika kabla yangu, na alikuwa ameivuta meza yake ya mizizi mpaka ikagusana na mahali pangu. Nilitia uzi. Nikaanza kukanyaga pedali. Kama saa tatu alikuja kijana mmoja wa wale wanaobeba mizigo kwenye kituo cha teksi, namjua kwa sura, wenzake watatu wamebaki nyuma wakitazama. Akasimama mbele ya cherehani akaweka kiganja juu ya kitambaa changu.

"Mpira umeisha, dada," alisema kwa Kizulu.

"Najua," nikamjibu kwa Kizulu. "Zipu ya koti lako imekatika. Lete."

Alijitazama kifuani. Wenzake walikuwa wanangoja. MaDlamini alikuwa amesimama, kisu chake cha kukatia magome mkononi, anakata gome lisilohitaji kukatwa. Sijui yule kijana alifikiri nini. Najua kwamba ilikuwa baridi, na kwamba baada ya muda alivua lile koti, akalitupa mezani kwangu badala ya kunipa.

Nililigeuza, nikaanza kufumua zipu ya zamani.

"Njoo saa saba," nikamwambia. "Nitakuwepo."